Wiki ya Uchumaji: Urambo, Februari

Jumapili, Tabora mjini

Anayetaka kujua watoto wangapi wanatumikishwa kwenye tumbaku ya Tabora asije Julai. Julai ni soko, pesa na harusi, na madarasa yamejaa. Agosti wakulima wanamwaga mbegu vitaluni, kazi ya asubuhi na jioni ambayo mtoto anaweza kuifanya akaenda shule. Novemba na Desemba miche inapelekwa shambani mvua ikishakolea, na hapo shule zinafunga, kwa hiyo utoro hauonekani kwenye karatasi yoyote. Jani huanza kuiva Januari, na Februari ndiyo kilele: kuchuma, kufunga kwenye fito, kupakia bani (banda la kukaushia tumbaku kwa moto), kukesha na moto. Shule imefunguliwa wiki chache tu zilizopita. Kalenda mbili zinagongana hapa, na safari ya kufuatilia watoto hupangwa kwa kufuata mgongano huo.

Utafiti wa taifa wa 2014 ulikuta watoto milioni 4.2 wa miaka 5 hadi 17 katika utumikishwaji, asilimia 28.8 ya watoto wote wa umri huo, wengi mno wakiwa kwenye kilimo. Urambo, wilaya ya mkoa wa Tabora, si mgeni wa miradi. Tanzania ilikuwa pamoja na El Salvador na Nepal katika nchi tatu za kwanza zilizoingia mpango wa Shirika la Kazi Duniani wa kutokomeza ajira mbaya kwa muda maalumu, mwaka 2001. Mwaka 2011 ukaja mradi wa PROSPER, ulioelekezwa kwenye tumbaku yenyewe. Kwa hiyo wanakijiji wanayajua maswali yetu sisi wafuatiliaji na wanayajua majibu tunayopenda kusikia. Hilo nalo ni la kuzingatia kabla ya kuwasha gari.

Vitu vya kubeba: buti, koti la mvua, daftari gumu na penseli (wino wa kalamu huyeyuka mvua ikilowesha karatasi), fomu za rufaa za ustawi wa jamii nakala tatu tatu, barua ya Mkurugenzi wa Halmashauri, na tepu ya kupimia. Kamera ibaki hotelini. Gari lisiwe na nembo ya kampuni yoyote ya tumbaku, wala pikipiki isiwe ya bwana shamba wa kampuni. Mlio wa pikipiki ile unajulikana kitongoji kizima, na ukisikika watoto huingia porini kabla hujafika kwenye mti wa kwanza.

Jumatatu, Tabora hadi Urambo

Takriban kilomita 90 kuelekea magharibi. Kushoto na kulia ni miombo, na kila baada ya hatua fulani msitu umekatwa na mabani yamesimama, yenye kuta za tofali na moshi mwembamba juu. Bani linalotoa moshi saa mbili asubuhi halikuzimwa usiku. Mtu alikuwa pale akisukumia magogo, na swali la safari nzima ni umri wa mtu huyo.

Siku hii ni ya ofisi. Wa kuonwa, kwa utaratibu huu: Mkurugenzi au msaidizi wake, Afisa Ustawi wa Jamii, Afisa Elimu Msingi, Afisa Maendeleo ya Jamii, mratibu wa TASAF (mfuko unaotoa ruzuku kwa kaya maskini), na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Afisa Kazi yuko mkoani Tabora, si wilayani. Maana yake ni kwamba mtu mwenye mamlaka ya kukagua mahali pa kazi hayuko karibu na shamba hata moja, na kesi nyingi zitaangukia mezani kwa ustawi wa jamii na kwa mtendaji wa kijiji. Ukijua hivyo mapema hutaahidi ukaguzi usiokuwepo.

Sheria zenyewe ziko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 5, inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Wa miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomdhuru na isiyomtoa shuleni. Wa chini ya 18 haruhusiwi mgodini, kiwandani, kwenye ubaharia, wala mahali pengine pa kazi, mashamba yakiwemo, penye mazingira ya hatari. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaongeza makatazo ya kazi za usiku na mizigo mizito. Tatizo la Urambo halijawahi kuwa upungufu wa vifungu. Shamba ni la baba, mtoto ni wa baba, hakuna mkataba wala mshahara, na hakuna mwajiri anayejiita mwajiri.

Ofisini watu huuliza tofauti kati ya kumfundisha mtoto kazi na kumtumikisha. Jibu la kitakwimu linasaidia kwa sababu linapimika. Kazi ya uzalishaji huhesabiwa utumikishwaji ikifika saa 1 kwa wiki kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, saa 14 kwa wa 12 hadi 14, na saa 43 kwa wa 15 hadi 17. Kazi ya hatari haina saa za kuruhusiwa kwa yeyote wa chini ya 18. Kuchota maji, kufagia uwanja na kufuga kuku wake mwenyewe havimo kwenye ugomvi huu, na ukivichanganya, wazee watakucheka, kwa haki kabisa.

Jumanne, shule ya msingi ya kijiji

(Kijiji hakitajwi jina, watoto wake wanatambulika kirahisi mno.)

Fika kabla ya saa mbili, msalimu mwalimu mkuu, omba madaftari ya mahudhurio ya madarasa yote, si la darasa moja. Yalaze mezani sambamba, wiki kwa wiki. Hapa ndipo habari ilipo, na wengi huipita kwa sababu wanatafuta asilimia.

Asilimia inadanganya. TASAF inataka mtoto wa kaya ya mlengwa ahudhurie angalau asilimia 80. Wiki ina siku tano. Mtoto anayekosa siku moja kila wiki, mwaka mzima, ana asilimia 80 kamili: kaya inalipwa, fomu imepita, na mtoto amepoteza siku 38 au 39 katika mwaka wa shule wenye siku 194. Kwa hiyo usitazame jumla, tazama mpangilio.

Mpangilio wa kwanza: ndugu wa madarasa tofauti wanakosa siku ileile, na siku hiyo inarudi kila baada ya siku saba hivi. Hiyo ni kaya yenye bani moja. Bani likimalizika linafunguliwa, na siku hiyohiyo majani mapya lazima yachumwe, yafungwe na kupakiwa, maana jani lililochumwa haliwezi kungoja. Mikono yote inahitajika siku moja.

Mpangilio wa pili: mvulana mmoja, darasa la tano au la sita, haonekani kuanzia Januari bila kukatika, ilhali wadogo zake wapo. Huyo ameenda kwa mtu mwingine. Ulizia mkataba: mara nyingi ni mdomo tu, malipo baada ya soko, na msimu ukienda vibaya hapati kitu.

Mpangilio wa tatu: msichana anakosa siku zilezile ambazo mama anachuma, lakini hayuko shambani. Yuko nyumbani na mtoto mchanga. Hesabu za shamba hazimwoni kabisa.

Wa nne ni kutokuwepo kabisa. Familia zinazokuja kufanya kazi za msimu, nyingi kutoka Kigoma, hufika Novemba na watoto ambao majina yao bado yako kwenye shule za Kasulu au Kibondo. Huku hawamo daftarini, kule wanaandikwa watoro. Uhamisho wa mwanafunzi hupita kwenye mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani, na bila namba yake ya PREM mwalimu mkuu husita kumpokea. Dawa ya siku hiyohiyo ni mwalimu mkuu kumketisha darasani kwanza, kuandika jina kwenye orodha ya pembeni, kisha kumpigia mwalimu mkuu wa shule aliyotoka kuomba namba. Anayesubiri karatasi ndipo ampokee, atampokea Aprili, mavuno yakiwa yamekwisha.

Halafu hesabu vichwa saa sita mchana, darasa kwa darasa. Daftari huitwa asubuhi tu, na kuna watoto wanaoitika asubuhi na kuondoka wakati wa mapumziko ya saa nne. Tofauti kati ya daftari na vichwa iandike bila kelele. Mwalimu anayejaza mahudhurio ya huruma ili kaya isikatwe ruzuku si adui. Ukimwaibisha leo, kesho daftari litakuwa safi kuliko maisha yenyewe.

Swali moja la mwisho kwa mwalimu, lenye adabu yake: shamba la shule linalimwa nini, na mazao yanakwenda wapi? Elimu ya Kujitegemea ina jembe ndani yake tangu 1967 na hakuna ubaya mtoto kupalilia mahindi atakayokula. Tumbaku ya mtu binafsi, hata akiwa mwalimu, ni habari nyingine.

Jumatano, shambani na kwenye bani

Siku ndefu kuliko zote. Kutoka saa kumi na moja alfajiri, maana uchumaji huanza mapema, na tunachotaka kukiona ni umande.

Hesabu ya ekari moja kwanza, ili ieleweke kwa nini mikono ya watoto inatakiwa. Mche hupandwa kwa mita 1.2 kati ya matuta na sentimita 50 kati ya miche: takriban miche 6,700 kwa ekari. Baada ya kukata ua, mche hubaki na majani kama 18. Hayo ni majani 120,000. Hayachumwi kwa mpigo: mawili au matatu kutoka chini kila wiki, wiki sita hadi nane. Kila jani linakatwa kwa mkono, linabebwa kwapani, linafungwa kwa kamba kwenye fito, linaning'inizwa, linashushwa, linafunguliwa, linapangwa daraja, ndipo linaingia kwenye robota, yaani furushi la kuuzia. Kwa uchache jani moja hupita mikononi mara tano. Mkulima mwenye ekari tatu na vibarua wawili hawezi kuimaliza hesabu hiyo, na alijua hivyo tangu alipoandikisha makisio yake ya kilo na ekari kabla ya msimu.

Umande ndio hatari ya kwanza. Nikotini huyeyuka kwenye maji yaliyo juu ya jani na kupenya ngozi. Mchumaji anayelowa kifua na mikono asubuhi huanza kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, wakati mwingine saa kadhaa baadaye akiwa kitandani. Mtoto ana mwili mdogo na ngozi ileile inayolowa, kwa hiyo kipimo kinachomtikisa mtu mzima kinamwangusha yeye. Kwa watu wazima kinga ni kusubiri jani likauke, kuvaa mikono mirefu na glavu, na kuoga kwa sabuni mara kazi inapokwisha. Tatizo ni kwamba kusubiri umande hadi saa nne kunaisogeza kazi ya kufunga hadi usiku, na mkulima mwenye haraka ya kupakia bani hasubiri. Kwa mtoto hakuna kinga ya kujadili. Haruhusiwi kuchuma.

Kwenye kivuli cha kufungia, mambo yanaonekana mepesi: watu wamekaa, wanazungumza, redio inaimba. Hapa ndipo watoto wengi walipo, na hapa ndipo wazazi husema "wanasaidia tu." Tazama vidole. Utomvu mweusi unaonata usiotoka kwa maji ni ushahidi bora kuliko jibu lolote, na unakaa siku mbili tatu. Mtoto aliyeketi darasani Alhamisi na vidole vyeusi alikuwa akifunga Jumatano.

Kisha bani. Tumbaku ya hapa ni ya mvuke: moto huwashwa nje, joto hupita kwenye mabomba ndani. Siku za mwanzo jani hugeuzwa njano kwa joto la nyuzi 35 hadi 38, halafu joto hupandishwa taratibu hadi karibu nyuzi 70 ili kukausha uti wa jani. Jumla ni siku tano hadi saba. Moto ukishuka usiku wakati wa kukausha, jani hupata madoa na daraja huporomoka; ukipanda ghafla, linaungua. Kwa hiyo mtu hukesha. Baba amechuma mchana kutwa, mama ana mtoto mgongoni, na kijana wa miaka 12 hupewa zamu ya saa sita usiku hadi alfajiri. Kesi hii ina alama yake shuleni: macho mekundu na usingizi wa mezani kwa siku tano mfululizo, kisha nafuu ya siku mbili, kisha tena.

Mabani yaliyoboreshwa yanayotumia kuni chache hupunguza safari za porini, na hilo ni jambo la maana, kwani kubeba magogo kumo kwenye mizigo mizito. Hayapunguzi mkesha. Kinachopunguza mkesha ni kaya tatu kuweka mabani karibu na kugawana zamu kwa watu wazima. Inawezekana pale ambapo kaya hizo ni majirani na hawana ugomvi wa mpaka. Pengine haiwezekani, na hakuna semina itakayoiwezesha.

Namna ya kuzungumza na mzee shambani: salamu kwanza, shamba baadaye, watoto mwisho.

"Shikamoo mzee. Jani limekubali mwaka huu?"

"Marahaba. Limekubali, mvua tu ndiyo inatuchezea."

"Mabani mangapi mnapakia? Nani anawasaidia kufunga?"

Usiulize "watoto wanafanya kazi?" Jibu lake linajulikana tangu 2001. Uliza idadi ya fito zilizofungwa jana na idadi ya watu wazima waliozifunga. Mzee mwenyewe ataiona hesabu isiyotimia, na mara nyingi ataimalizia kwa mdomo wake. Mtoto asihojiwe mbele ya baba wala ya tajiri wa shamba. Akihojiwa, ni pamoja na afisa ustawi, na swali ni moja: jana tangu kuamka hadi kulala ulifanya nini na nini?

Alhamisi, zahanati na kaya tatu

Zahanati ni kituo kinachosahaulika. Februari ni mwezi wa malaria pia, na mtoto anayetapika na kuumwa kichwa hupimwa malaria. Kipimo kikitoka hasi, mara nyingi hupewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani, na keshokutwa yuko shambani. Mhudumu akiongezewa swali moja tu ("jana ulishika majani mabichi ya tumbaku?") na kuliandika kwenye rejista, kijiji kinapata kumbukumbu ya madhara ambayo hakuna mtu anayeweza kuibishia kwenye mkutano. Hakuna gharama. Kinachokwamisha ni kwamba mhudumu ni mmoja na foleni ni ndefu, kwa hiyo swali lifupishwe mpaka liwe neno moja kwenye safu ya maelezo: tumbaku.

Kaya zinazotembelewa mchana ni zile zilizoonekana daftarini Jumanne. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ni ya shule, si ya nyumbani. Sare, viatu, madaftari na chakula vinabaki kwa mzazi, naye Februari hana pesa: tumbaku ya mwaka jana imekwisha, ya mwaka huu iko mtini, na mkopo wa pembejeo utakatwa sokoni. Ndiyo sababu kibarua wa kulipwa taslimu haajiriwi, na mtoto anachukua nafasi yake.

Msaada wa sare ukija, uje Desemba au mwanzoni mwa Januari, wala usije kama pesa kwa mzazi mwenye deni dukani. Sare mbili, sweta, viatu, madaftari ya muhula. Fundi cherehani awe wa kijijini, apimwe mtoto mwenyewe. Sare za jumla zilizoshonwa mjini huwa kubwa au ndogo, na mtoto aliyevaa gauni la kumburuza hurudi nyumbani kwa aibu ileile iliyomwondoa. Miradi mingi hugawa sare kwa picha mwezi wa sita, kwenye Siku ya Mtoto wa Afrika. Mwezi wa sita hakuna anayezihitaji sana.

Ijumaa, jikoni kwa shule na darasa la MEMKWA

Chakula cha mchana ndicho kinachomshika mtoto kuliko hotuba yoyote. Mahesabu ya makande: gramu 100 za mahindi na 30 za maharage kwa mtoto kwa siku. Shule ya watoto 400 inahitaji kilo 40 za mahindi na 12 za maharage kila siku, yaani kwa mwezi wa siku 20, kilo 800 na 240. Kwa mtoto mmoja ni kilo 2 za mahindi kwa mwezi. Kipindi cha Februari hadi Aprili kinamalizika kwa kilo 6, na debe moja la mahindi, lenye kilo kama 18, linatosha watoto watatu wa kaya moja. Ukilisema kwa madebe kwenye mkutano linaeleweka papo hapo. Ukilisema kwa gramu watu huanza kuangalia simu.

Kinachoharibika ni tarehe. Kamati huitisha michango Januari, wakati maghala yamekauka, halafu hulalamika kwamba wazazi hawana mwamko. Mahindi huvunwa Aprili hadi Juni. Michango ikusanywe Juni na Julai, ihifadhiwe miezi saba. Na hapo kuna dumuzi, mdudu aliyetambuliwa Afrika kwa mara ya kwanza hapahapa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, anayegeuza gunia kuwa unga kabla ya Krismasi. Mahindi yapukuchuliwe, yakaushwe mpaka punje ivunjike kwa meno kwa mlio mkavu, yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, kila mfuko ufungwe kwa utaratibu wake na usifunguliwe mpaka siku ya kupika. Mfuko uliofunguliwa Oktoba "kuangalia tu" umepoteza kazi yake. Mfuko mmoja wa kilo 100 hutosha shule hiyo siku mbili na nusu, kwa hiyo ukifunguliwa unaisha.

MEMKWA, elimu ya msingi kwa waliokosa, ni kwa waliopitwa na umri: rika la kwanza miaka 11 hadi 13, la pili 14 hadi 18. Mpango ulianza kwa majaribio 1999 kwenye wilaya tano, Kisarawe, Masasi, Musoma, Ngara na Songea. Rika la kwanza likifaulu mtihani wa darasa la nne huingia mfumo wa kawaida. Darasa linalodumu lina saa zake: saa nane hadi saa kumi na moja mchana, chumba cha shule ileile, madawati yaleyale, wala si chini ya mwembe nyuma ya choo. Linalokufa hufa kwa njia mbili. Mwezeshaji hakulipwa posho miezi mitatu akaondoka. Au vijana wa miaka 15 walikalishwa na wa miaka 11 wakaitwa babu. Mbili hizo zipangiwe majibu kabla jina la kwanza halijaandikwa. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 umewafungulia mlango wa kurudi waliokatiza masomo, wasichana waliojifungua wakiwemo. Nakala yake ibandikwe ofisini kwa mwalimu mkuu, kwani wapo wazazi, na walimu wachache, wanaoamini bado mlango umefungwa.

Vitongoji vya mbali, kilomita saba nane msituni, havitatuliwi na haya yote. Vinahitaji shule shikizi ya madarasa ya chini, maana mtoto wa miaka sita hatembei umbali huo kwenye mvua. Akianza akiwa na tisa, tayari ni mkono wa shamba.

Jumamosi, chama cha msingi na kikundi cha hisa

AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ndiyo mlango ambao miradi ya watoto huukwepa kwa sababu una siasa, ilhali kila kilo inayouzwa inapita pale. Makisio ya mkulima huandikwa kabla ya msimu: kilo ngapi, ekari ngapi, mifuko mingapi ya mbolea. Safu moja iongezwe: watu wazima wangapi watachuma? Mwenye makisio ya ekari nne na watu wazima wawili aulizwe palepale nani atafunga majani yake, kabla hajapewa pembejeo. Ni nyenzo yenye meno kuliko faini, kwa kuwa inakuja wakati mkulima bado anaweza kupunguza ekari. Upinzani utatoka kwa viongozi wa chama, kwa sababu ushuru wao unahesabiwa kwa kilo. Tusidanganyane.

Kikundi cha hisa: watu 15 hadi 30, sanduku la kufuli tatu na washika funguo watatu wasiokaa nyumba moja, hisa za kila wiki, mfuko wa jamii, mkopo usiozidi mara tatu ya hisa za mkopaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka kikundi kisajiliwe. Vikundi vingi huvunja sanduku, yaani kugawana akiba, Juni au Julai kwa mazoea, wakati kila mtu ana pesa ya soko tayari. Mzunguko uanze Januari na kuvunjwa mwishoni mwa Desemba. Pesa ileile, ikifika wakati huo, hulipa vibarua wa kuchuma Januari na kununua viatu kabla shule haijafunguliwa. Ugumu ni kwamba hisa za Februari na Machi zitakuwa nyembamba, kwa hiyo katiba iruhusu hisa moja kwa wiki miezi hiyo na hadi tano baada ya soko.

Jumapili, Kaliua

Mapumziko, na mvua. Kaliua ni makutano ya reli ya Kigoma na ya Mpanda. Wasichana wanaopelekwa Tabora na Dar es Salaam kufanya kazi za ndani hupita hapa wakiwa na "shangazi." Mkuu wa stesheni na mgambo wakijua kuuliza jina la kijiji na simu ya mzazi, na kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, ikiwa majibu hayalingani, inatosha. Namba hiyo hailipiwi.

Jumatatu, ofisi ya kijiji

Siku ya mwisho ni ya mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, wenyeviti wa vitongoji na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto iliyoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Mara zote hutokea mtu anayependekeza sungusungu wazunguke mashambani wakamate watoto. Ikifanyika, watoto hujaa shuleni wiki moja, wazazi wanajifunza kuchuma usiku, na sungusungu wanajifunza kupokea kuku.

Sheria ndogo ni bora, lakini ina hatua. Mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya kijiji inapitisha, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Faini iliyotozwa kabla ya hatua ya tatu hurudishwa mahakamani na kuvunja heshima ya kamati. Iandikwe imlenge anayechukua mtoto wa mwenzake, na mzazi kwa shamba lake apewe kwanza wito, mpango wa kaya na tarehe ya kurudiwa. Kupiga faini kaya ambayo haina debe la mahindi ni kumrudisha mtoto shambani akailipe.

Kesi zilizopatikana hugawanywa hapahapa. Za kukesha bani na kuchuma kwa wazazi ziende kwa kamati na mwalimu mkuu, zifuatiliwe kila Ijumaa kwa daftari. Za watoto waliopelekwa kwa watu wengine ziende kwa Afisa Ustawi kwa fomu, nakala moja ibaki kijijini, moja Dawati la Jinsia, na malipo yao ya kazi iliyokwisha fanyika yadaiwe kwa maandishi kabla ya soko. Tajiri akishauza na kulipa madeni yake, hapatikani. Za wasichana walio nyumbani na wachanga ziende kwa kikundi cha hisa: mama wawili wa zamu, kivuli kimoja karibu na shamba, uji kutoka mfuko wa jamii.

Kabla ya kuondoka, tarehe nne huandikwa kwa chokaa kwenye ubao wa ofisi: 31 Julai, madebe yote yawe yamefika shuleni; mwezi wa makisio, safu ya watu wazima ijazwe; wiki ya mwisho ya Desemba, sanduku livunjwe; Jumatatu ya pili ya Februari, madaftari yalazwe mezani tena. Mwenyekiti wa kitongoji cha tatu anauliza kama tarehe ya makisio inaweza kusogezwa mbele, kwa sababu chama hakijapata orodha ya pembejeo. Haiwezi, lakini jina la mkulima na ekari zake vinaweza kuandikwa sasa, na mbolea ikaongezwa baadaye.